Nilimwambia Asilime

Kuna kofia moja ya kijani juu ya kabati langu. Sijawahi kuivaa wala kuitupa. Mbele imeandikwa neno moja kwa herufi kubwa nyeupe: USILIME. Neno hilo ni langu. Nililitunga mimi na nikalipigania mimi, na mtu akiniuliza leo ni jambo gani nimewahi kufanya nikaona aibu hata nikashindwa kula, sitatafuta mbali. Nitapanda kiti niishushe hiyo kofia.

Mimi ni mfasiri. Nachukua karatasi za Kiingereza nazigeuza Kiswahili, na pakiwa na wageni nasimama kando ya mtu nakuwa mdomo wake. Wakati huo ofisi yetu ilikuwa Hurlingham, Nairobi, ghorofa ya tatu, na mradi wetu ulikuwa wa kilimo. Bosi alikuwa mtaalamu wa udongo tuliyemwita Daktari, mtu mpole ambaye hata chai aliiomba kama anakusumbua. Ndiye aliyenieleza mambo yote toka mwanzo, kwa subira, na ndiyo maana siwezi kusema sikuambiwa.

Alisema mkulima akiupindua udongo wote kila msimu ni kama anafunua chungu. Hewa inaingia, vijidudu vinakula majani yaliyooza mle ndani, na vilichokula kinatoka kuwa gesi, ile hewa ukaa inayotia anga joto. Lakini ukiuacha udongo ulivyo, ukachimba kishimo cha mbegu tu na kutandaza mabua ya mwaka jana juu yake, ukaa mwingi hubaki chini, unyevu nao hubaki, na trekta halichomi dizeli bure. Hakupiga chuku. Alisema faida yenyewe huja polepole, miaka kadhaa. Alisema misimu ya kwanza mavuno yanaweza kushuka, na kwamba kwenye udongo mzito unaotuamisha maji kuna gesi nyingine ya mbolea inayoweza hata kuongezeka. Na alisema, akinyoosha kidole, jambo ambalo yeye halifanyi kamwe, kwamba mtu asiyetandaza mabua na asiyepigana na magugu atajuta. Nilikuwa naandika huku nikiitikia kwa kichwa. Nilipokaa kufasiri kitabu chetu cha wakulima, tahadhari hizo zote nikaziona ndefu, nikazipunguza.

Kilichonisumbua ni jina. Kilimo kimetoka kwa kulima, na kulima ni jembe, sasa unamwambiaje mtu afanye kilimo bila kulima? Nilizunguka na swali hilo siku mbili, nikila chapati na maharagwe kwa kibanda cha nyuma ya ofisi nikiongea peke yangu, mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama niko sawa. Halafu likanijia: Usilime. Fupi, kali, linakaa kwenye jalada, linakaa kwenye kofia. Niliona nimemaliza kazi ya wiki. Daktari alijikuna kidevu akauliza kama hilo neno si kali sana, nikamjibu kwamba tangazo zuri lazima limshtue mtu. Akasema basi lipitie kwa Maalim kwanza.

Maalim alikuwa mzee wa Pwani aliyesomesha watoto Kurani asubuhi, na alasiri akasoma prufu za wachapishaji katika chumba kidogo mjini, juu ya duka la vitambaa. Ofisi nyingi zilimpelekea kazi. Nilimkuta na kalamu yake nyekundu na kikombe cha kahawa chungu, akanikaribisha, akanipa tende, akasoma kitabu chetu chote. Aliporudi kwenye jalada alilizungushia duara lile neno langu.

"Asilime," akasema, "halafu ale nini?"

Nikacheka kidogo, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kinachokatazwa hapo si kulima, ni kutifua, na kwa nini nisiandike wazi, panda bila kutifua. Akaongeza kwamba mlinzi wa jengo lao, mtu wa bara, alikuwa ameomba ruhusa wiki ile aende kwao akalime mahindi, na mahindi yenyewe yalikuwa yameshaota. Je, kwetu kulima si palizi pia? Aliuliza kwa heshima kabisa, mzee aliyenizidi miaka thelathini.

Mama husema mimi nilizaliwa nikijibu. Nilimwambia, "Maalim, nyinyi mnajua Kiswahili, sikatai. Lakini jembe mmeliona wapi?"

Kulikuwa na mchapaji mmoja mlangoni akingoja karatasi zake, naye akacheka, na mimi kile kicheko kikanipendeza. Maalim hakukasirika. Alifuta miwani kwa pindo la kanzu, akaniambia, "Haya. Mwenye shamba ni wewe." Akanitilia sahihi.

Na alikuwa amesema kweli tupu. Kwetu Ukambani unalima mara mbili. Unalima kabla ya mvua, na mahindi yakishaota unalima tena, na hiyo ya pili ndiyo wenye vitabu wanaita palizi. Neno la Kikamba na la Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na kote kuwili linabeba hiyo mizigo miwili. Hayo hayakuwa mageni kwangu. Nimelima mahindi yakiwa yananifika kiunoni, jua la saa sita, mgongo umekataa kunyooka. Lakini siku ile mbele ya mzee yule nilikuwa mtu wa Hurlingham, na mtu wa Hurlingham hasahihishwi.

Sasa nieleze habari za mama yangu. Sisi Wakamba mama tunamwita Mwaitu. Hakusoma, baba alifariki sisi tukiwa wadogo, na ng'ombe waliuzwa zamani kwa karo zetu. Kitu kimoja anacho, nacho ni jina lake la kazi. Hakuna mtu aliyewahi kupita kando ya shamba la Mwaitu akaona nyasi. Mpini wa jembe lake umelainika kama mgongo wa kijiko, na mwari akiolewa pale kijijini huambiwa apite akaone shamba la mwanamke limekaaje. Ukimwambia ni mzuri wa sura atacheka. Ukimwambia ni mvivu, umemuua.

Mradi ulipotafuta wakulima wa kujaribu njia hiyo mpya, nilimwandikisha. Sheria ilikataza jamaa za wafanyakazi, kwa hivyo nikatumia jina la kwao alilozaliwa nalo, nikamwonya kwamba akiulizwa, mimi hanijui. Nilitaka apate mbegu za bure. Tena, nisidanganye hapa, nilitaka shamba la mfano liwe la kwetu, picha yake ibandikwe ukutani pale ofisini, na mimi niipite kila asubuhi nikijua. Nilimwambia atoe robo ya shamba. Akatoa lote. Alisema mtu hamwamini mtoto wake robo.

Kwa kuwa hasomi, kitabu hakikumsaidia. Alitegemea sauti nilizorekodi mimi mwenyewe, zikitumwa kwa simu za wakulima. Kitabuni palikuwa na ukurasa wa magugu, unaosema yaparuliwe juu juu bila kuchimba. Kwenye sauti niliuruka ukurasa huo, ili ujumbe usipite dakika mbili. Nilianza kila ujumbe kwa lile neno langu, kwa sauti nzito kidogo, kama mtu wa redio. Mwaitu alikuwa akiifungulia simu yake kwa sauti ya juu pale kwenye kinu cha kusagia, awaonyeshe wenzake kwamba huyu anayesema ni mtoto wake, kisha anakumbuka sheria yangu anasema ni mtu tu wa mradi. Haukupita mwezi wakampachika jina. Wakimwona wanaitana, huyo Usilime anapita. Alinisimulia akicheka. Mimi pia nilicheka, nikawasimulia wenzangu ofisini, ila sikuwaambia ni mama yangu.

Vuli ile mvua ilianza vizuri. Vijana wa maabara walikuwa wakienda na visanduku vyao vya plastiki, wanavifudikiza juu ya udongo, wanasubiri, kisha wanavuta hewa ya ndani kwa sindano waipeleke ikapimwe. Mwaitu alisema wanaupima udongo homa. Aliwapikia chai kila walipokuja, na aliwaomba wasikanyage mche. Wao walikuwa watu wa hewa tu. Hawakuwa wametumwa kuuliza habari ya nyasi, na hawakuuliza.

Siku alipopiga simu nilikuwa Parklands, kwa mtu anayechapa fulana na kofia, nimeenda kuchukua kofia zetu. Mchapaji alikuwa amekwisha kunitania, ati madam, hii kofia ni ya chama cha wavivu ama? Nilikuwa na haraka, gari la ofisi limeegeshwa vibaya, askari wa kaunti anaonekana pale mbele. Simu ikalia. Ni yeye. Huwa hana salamu fupi, lakini siku hiyo alifupisha.

"Mahindi yamefika magoti," akasema, "na nyasi zimefika magoti. Nilime?"

Kofia ilikuwa mkononi mwangu. Nikaisoma kama ilivyoandikwa. "Mwaitu, nimekwambia mara ngapi? Usilime."

Nilisikia kuku wake nyuma. "Sawa, mwanangu," akasema, akakata.

Nimeigeuza simu hiyo kichwani mara nyingi mno. Alitumia neno letu, kwa maana yetu, maana niliyoinyonya pamoja na maziwa yake, na mimi nikalisikia kwa maana ya kitabu. Alikuwa amesema nyasi! Mtu akikwambia nyasi zimefika magoti, hata mpita njia wa mtaa wa Muthangari huku mjini asiyewahi kushika jembe atajua anauliza nini. Wiki iliyofuata alinifleshi mara mbili, simu ilie kidogo akate, ili nimpigie. Nilikuwa mkutanoni, nikasema nitampigia jioni, na jioni sikumpigia.

Nilienda nyumbani Februari, wakati wa kuvuna, Jumamosi, na mkate na sukari kwenye mfuko. Kutoka barabarani sikulitambua shamba letu. Nilidhani nimekosea kijia. Nyasi zilikuwa zimenifika kifuani, na mahindi yamesimama humo membamba, ya manjano, mengine hayakutoa hata bunzi. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na jirani aliyekuwa katika mradi uleule. Huyo alisoma kitabu, akatandaza mabua, akaparua magugu yake juu juu, na ingawa mvua ilikatika mapema, alivuna kuwashinda hata waliopiga plau. Njia ya Daktari haikuwa na kosa. Nilisimama pale na mkate wangu nikiangalia huku, nikiangalia kule.

Mwaitu alikuwa jikoni. Jembe lilikuwa limetundikwa juu darini, mahali ambapo sijaliona maisha yangu yote, limeingia masizi. Nikamuuliza, tena kwa ukali, Mungu anisamehe, "Mbona hukupalilia?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego. "Si ulinikataza. Nilikuuliza nilime, ukasema nisilime." Kisha akainama kuchochea moto. "Nikafikiri pengine hizo nyasi nazo mnazipima hewa."

Niliketi pale kwenye kigoda. Hakuwa ananilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Alieleza jinsi alivyokaa mlangoni siku nyingi akizitazama nyasi zikipanda, mikono inamwasha, majirani wanapita wanaguna, na yeye anajiambia mtoto wangu amesoma, anajua. Shamba linalompa magunia, lilimpa debe tatu. Wakati wa kuondoka alinipimia mahindi yangu ya kwenda nayo Nairobi kama kila mwaka, nikamwambia sina nafasi kwenye mfuko. Akajua nadanganya, akayaacha.

Nilimwomba msamaha? Nilisema pole. Pole ni neno la mtu aliyepita njia akakuta umeanguka. La kusema mimi ndiye niliyekuangusha sikulisema.

Jumatatu nilipanda zile ngazi za juu ya duka la vitambaa. Kitabu kilikuwa kinachapwa upya na nilitaka kulibadilisha neno kimyakimya kabla ya mtu kuuliza. Maalim alinipa tende kama siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba neno lilikuwa limempoteza mtu, na kwamba nilimjibu vibaya siku ile. Akasema yeye alishasahau, ingawa naona hakuwa amesahau. Akaandika kwa kalamu nyekundu, Panda Bila Kutifua, akaniuliza ni nani aliyepotea.

"Mkulima mmoja tu wa Ukambani," nikasema.

Maalim akafunika kalamu yake. "Basi ukamtake radhi huyo mkulima mmoja. Kwangu umebisha mlango usiokuwa wenyewe." Nilishuka zile ngazi nikiwa nimeona aibu, lakini ilikuwa bado aibu ndogo, ile ya mtu ambaye hajaonekana.

Ripoti ikaja. Majibu ya hewa ya shamba la Mwaitu yalikuwa mazuri. Udongo wake haukuguswa na gesi iliyotoka ilikuwa kidogo. Lakini Daktari alikuwa akitufundisha kila siku kwamba gesi haipimwi peke yake, inagawanywa kwa mavuno, kwa sababu shamba lisilotoa gesi na lisilotoa chakula linamsukuma mwenye njaa akafyeke msitu mahali pengine. Ukigawa gesi kidogo kwa debe tatu, shamba la Mwaitu lilikuwa la mwisho kabisa kwenye orodha. Pembeni, afisa wa nyanjani alikuwa ameandika kwa Kiingereza sentensi moja, nami nikapewa niifasiri kwa nakala ya wakulima. Mkulima hakufuata maagizo ya palizi. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. Katika kazi zangu zote sijui kama nimewahi kufasiri kitu kwa usahihi kuliko sentensi ile ya uongo.

Ningeweza kwenda kwa Daktari siku hiyo. Mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka meza yangu, na huwa wazi. Lakini ningeanza na neno, kisha ningefika kwenye simu, kisha ningefika kwenye jina la kwao nililoliandika, na mwisho wa hapo ni barua ya kufukuzwa. Nilijiambia ni sentensi moja tu katika karatasi ambayo Mwaitu hataisoma.

Halafu wakulima wakaalikwa wote. Mkutano wa kufunga msimu ulifanyika Muthangari, katika ukumbi mmoja wa mikutano wenye bustani, na wageni wa Kiingereza walikuja kusikia wakulima wenyewe. Nilimpigia Mwaitu usiku wa kuamkia siku hiyo nikamkumbusha tena: mimi hunijui. Akasema anakumbuka, hajazeeka kiasi hicho.

Walishuka kwenye basi wakiwa wamechoka na safari. Yeye alikuwa na gauni lake la kanisani, lile la maua ya zambarau, na juu ya kitambaa cha kichwa alikuwa amevaa kofia ya kijani iliyobaki ya zamani, kwa sababu wakulima waligawiwa, na yeye hakatai zawadi. Alikuja moja kwa moja mahali niliposimama na kipaza sauti changu. Akanipa mkono kwa adabu, mkono ule mgumu.

"Habari ya asubuhi, madam," akasema.

Nikamjibu nzuri. Hivyo ndivyo nilivyomsalimia mama yangu.

Daktari alionyesha michoro yake, nami nikafasiri. Yule jirani wa ng'ambo ya kijito akapigiwa makofi. Kisha mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye uso wa huruma, akauliza kuhusu lile shamba la mwisho kwenye orodha, akasema angependa kujua kutoka kwa mkulima mwenyewe ni nini kilitokea, ili wajifunze. Sikuwa nimetegemea hilo. Nilifasiri swali.

Mwaitu akasimama. Nyuma yake walikuwa wameketi wanawake wanne wa kijiji chetu, nao kwa heshima yake walijifanya hawanijui. Hakunitazama hata kidogo. Aliwatazama wageni, mikono ameikunja mbele, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Makosa ni yangu. Niliambiwa vizuri. Ni uvivu tu, nikaacha kulima."

Sasa, anayetafsiri kwa mdomo ana sheria yake. Hasemi, huyu mama anasema makosa ni yake. Anasema, makosa ni yangu. Anavaa lile mimi la mwenye kusema, na wasikilizaji wamezoea kumsahau. Sheria hiyohiyo inampa mlango mmoja wa kutokea: akiwa na lake la kusema, anaruhusiwa kuinua mkono na kusema mkalimani anaomba kufafanua. Ni maneno matatu. Nimeyasema mara nyingi, kwa mambo ya upuuzi, kwa jina la dawa au la mdudu.

Mkono haukuinuka. Nilisogeza kinywa kwenye kipaza sauti nikasema kwa Kiingereza kwamba makosa ni yangu, kwamba niliambiwa vizuri, kwamba ni uvivu wangu. Nilipofika kwenye lile neno la mwisho nilisita kidogo. Kulima. Nikalifasiri kama alivyolikusudia yeye, sawasawa kabisa, palizi. Tangu mradi uanze, hiyo ndiyo mara ya kwanza nililifasiri neno lile kama linavyosemwa kwetu, na nilifanya hivyo ili kumfunga mama yangu.

Kalamu zikaandika. Daktari akasema tumshukuru mama kwa kuwa mkweli, wakampigia makofi mepesi. Wale wanawake wanne hawakupiga. Mmoja alimnong'oneza mwenzake sikioni, na wote wawili wakautazama mgongo wa Mwaitu, na nikajua kwamba kabla jua halijatua jina lake litakuwa limefika nyumbani kabla yake. Alikaa chini taratibu, akanyoosha gauni magotini.

Chakula kiliwekwa bustanini. Wafanyakazi tulikaa meza yetu, wakulima meza yao. Pilau ilikuwa mbele yangu na sikuweza kuimeza. Walipoitwa kwenye basi, Mwaitu aliachana na wenzake, akapita kando ya meza yetu kana kwamba anatafuta mahali pa kunawa. Akasimama nyuma ya kiti changu. Akaivua ile kofia akaiweka mezani, karibu na sahani.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "nimesema vizuri? Hawatakufukuza?"

Daktari alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Nilijua neno la Kikamba la kumjibu. Lina silabi tatu, nimelisema kabla sijajua kutembea, na kama ningelitamka pale kila mtu wa meza ile angegeuka.

"Umesema vizuri, mama," nikamwambia.

Nairobi kila mwanamke mtu mzima ni mama. Anayeuza mboga ni mama, anayefagia ofisi ni mama. Hakuna aliyegeuka, na yeye akaenda kupanda basi.